Kamba Juu ya Ufa

Gari la mabomba lilisikika kabla halijaonekana. Likiwa bado ng'ambo ya mteremko, keria yake, fremu ya chuma ya kubebea mizigo juu ya paa, ilianza kulia, uuuu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu, na kadiri lilivyokaribia sauti ilipanda ikawa mluzi wa kutoboa masikio. Wenye baiskeli walijisogeza pembeni. Wasukuma mikokoteni nao walijisogeza. Hata kuku walishajua. Mgeni akiuliza ni nini hiyo, aliambiwa, "Mabomba huyo anakuja," basi, yameisha.

Lakini dereva alikuwa ndani ya mluzi huo kutwa nzima. Siku alipofika kwenye banda la Mama Kamba alishuka ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, nisaidie. Nikila naisikia. Nikilala naisikia. Mke wangu akiniita nadhani ni keria."

"Ukidhani mkeo ni keria, baba, mgonjwa si keria," Mama Kamba akasema, na waliokuwa kwenye benchi wakacheka.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushee, mfupi, mwenye vidole vigumu kama mizizi kwa kusokota kamba. Banda walikuwa wamegawana na mwanawe, mchomeleaji, ambaye watu walimwita Cheche. Mwana aliunda keria za kuweka juu ya magari, mama akazinyamazisha. Riziki ilipita mkono huu ikaingia mkono ule.

Naye hakugusa kazi kabla hajatega.

"Kitendawili!"

"Tega," dereva akajibu kwa kuchoka.

"Nimepanda kichwani pa mtu. Akikimbia nalia, akisimama nanyamaza."

"Mzigo."

"Mzigo ulilia lini?"

"Mtoto mgongoni."

"Nimesema kichwani. Haya, nipe mji."

"Chukua mji wowote, mama. Chukua hata wa wakwe zangu, mimi nataka kulala tu."

"Nimeuchukua, na wakwe zako nitawalea. Jibu ni hiyo keria yako."

Akaingia kiti cha nyuma, akafumba macho, akamwambia dereva aende mpaka darajani na kurudi, mwendo wake wa kila siku. Hivyo ndivyo alivyopima. Wengine hutazama keria, yeye aliisikiliza. Mluzi aliutambua mara moja: ni upepo unaokatwa na chuma cha mbele, na ncha za mabomba ya keria zilizoachwa wazi. Huo una dawa. Unazungusha kamba kwenye chuma kama nyoka aliyejiviringa mtini, unaacha nafasi ya kidole kati ya mzunguko na mzunguko, upepo unavunjika vipande vipande na kukosa pa kupigia filimbi. Ncha unaziba kwa vizibo vya mpira. Miguu unaivalisha tyubu kuukuu ili isitetemeke juu ya bati.

Ila chini ya mluzi alisikia kitu kingine. Tk. Tk-tk. Kidogo sana, kama jino bovu linalogongwa na kijiko. Mguu wa mbele, kushoto.

Kanuni yake Mama Kamba ilikuwa moja: mguu kwanza, mdomo baadaye. Keria inayogonga haifungwi kamba mpaka ijulikane inagonga nini.

"Cheche," aliita aliposhuka, "mguu wa mbele kushoto unagonga."

Cheche hakuinua hata kinyago chake cha kuchomelea. "Nimeuchomelea mwenyewe, mama. Huo ni mpira tu umekauka."

Hapa kuna jambo la kueleza. Mama Kamba alijulikana mtaa mzima kwa tabia moja: neno lake alilisema mara saba. Umefunga maji? Umefunga maji, mwanangu? Hivi maji umeyafunga? Aliwalea watoto hivyo, akamzika mume hivyo. Mwezi mmoja kabla ya siku hii alimwandama Cheche kwa maneno ya namna hiyo mbele ya mteja, kuhusu nati iliyokosa bamba, mpaka mteja akacheka, akaipakia keria yake na kuipeleka kwa fundi mwingine. Jioni ile Cheche aliweka kijiko chini.

"Mama, mimi nina miaka thelathini na minne. Nina watoto wawili. Ukiona kosa langu mbele ya watu, niambie. Lakini niambie mara moja. Masikio ninayo."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalisemwa kwa heshima. Akaahidi.

Sasa kwenye benchi walikaa wateja wawili. Mama Kamba alifungua kinywa mara ya pili. Akawatazama wateja. Akautazama mgongo wa mwanawe, ulivyoinama kama wa marehemu baba yake. Akafunga kinywa.

Akaanza kazi. Alizungusha kamba, akakaza kwa goti, akazungusha. Alipobakiza kiganja kimoja kufika pale mguu ulipochomelewa, akasimama. Huo pia ulikuwa mwiko wake: kamba haifuniki kovu la moto. Chuma kiachwe wazi pale kilipoungwa, kisije kikaugua kimyakimya.

"Malizia, mama," dereva akamwomba. "Hapo mwisho ndipo panapolia zaidi. Zungusha mpaka mwisho."

Akazungusha mpaka mwisho. Na ule mguu wa kushoto akauvalisha tyubu mara mbili, kwa kuwa alikuwa hawezi kuusemea tena.

Walipotoka kujaribu, gari lilikwenda kama linateleza juu ya mafuta. Mluzi hakuna. Tk hakuna. Dereva akawasha taa ya kukata kona, akasikiliza inavyotoa sauti, akacheka kama mtoto. "Kumbe gari langu lina saa ndani!" Akamshika Mama Kamba mikono yote miwili. Wateja wa benchi wakapiga makofi. Cheche akainua kinyago na kusema, "Mnaona? Nilisema ni mpira." Mama yake akatabasamu.

Siku tisa zikapita.

Siku ya kumi, saa nane mchana, kwenye ule mteremko, mguu wa mbele kushoto ulikatika. Keria ikageuka upande na kuchomoka pamoja na mabomba kumi na manane ya chuma, yakatawanyika pembeni mwa barabara. Pembeni alikuwepo mama mmoja muuza maziwa, juu ya baiskeli yake. Hakufika hospitali.

Dereva alishikiliwa kituoni. Mkaguzi wa magari aliifuata keria mahali ilipoangukia, akakuta kile chuma cha mbele bado kimefungwa kamba hadi pale mguu ulipokatikia, kamba imekaza vilevile, haijalegea hata uzi. Akasema isiguswe. Kesho asubuhi aje mwenye kamba aifungue mwenyewe, na fundi aliyechomelea awepo.

Jioni hiyo chakula kilipoa mezani. Wajukuu walipelekwa kwa jirani. Cheche alikaa mbele ya mama yake, magoti yakigusana.

"Mama, ufa mpya unang'aa. Wa zamani una kutu."

"Najua."

"Ukiwa unang'aa, ni mzigo ulizidi, ni ajali. Ukiwa na kutu, ni mimi." Akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na kipande cha msasa, kimekunjwa kidogo kama cheti cha dawa. "Wewe ndiye utakayekuwa umeinama pale. Vidole vyako ndivyo vitakavyotangulia. Kupitisha mara tatu tu, mama. Nina watoto."

Mama Kamba akakipokea. Akakitia mfukoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ukiuziba kwa kamba utajenga nini.

Asubuhi, uani mwa kituo, keria ililazwa chini juu ya turubai. Mkaguzi alikuwa na kalamu. Pembeni, juu ya jiwe, alikaa mwanamume mmoja mwembamba aliyepakata debe la maziwa lililobonyea. Mume wa marehemu. Hakuna aliyemwita, alikuja tu.

"Samahanini," akasema, kama aliyeingia nyumba ya watu. "Nina swali moja. Gari lile tulikuwa tunalisikia. Mke wangu akilisikia alikuwa anashuka kwenye baiskeli, anaingia kabisa kwenye majani mpaka lipite. Alikuwa analiogopa. Sasa siku ile ilikuwaje?"

Mkaguzi akatazama karatasi zake. Cheche akatazama viatu vyake.

"Nililinyamazisha mimi, baba," Mama Kamba akasema.

Yule mwanamume akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama aliyeelekezwa njia na sasa ameielewa.

Mama Kamba akapiga magoti kwenye turubai. Msasa ulikuwa mfukoni, mkono wa kulia. Akafungua fundo lake mwenyewe na kuanza kuizungusha kamba kinyume. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tano. Chuma kilichokuwa chini ya kamba kilikuwa safi. Alipofika kiganja kimoja kabla ya kovu, mkono wa kulia uliingia mfukoni. Vidole vikaugusa msasa, ukali wake. Nyuma yake alisikia pumzi ya mwanawe ikisimama.

Mkono ukatoka mtupu.

Akaondoa mizunguko iliyobaki. Hapo ndipo ufa ulipokuwa. Robo tatu yake ilikuwa nyeusi na kahawia kwa kutu, kutu ya mvua nyingi. Ukingo mwembamba tu, kama kucha, ndio uliokuwa unang'aa.

"Huu ni wa muda mrefu," mkaguzi akasema.

"Ni wa muda mrefu. Siku nafunga ulikuwa unagonga, nami niliusikia. Uandike hivyo."

"Fundi ulimwambia?"

Mama Kamba akainua uso. Hapa alikuwa tayari kusema uongo. Alikuwa amekwisha kuuweka ulimini: sikumwambia, kosa ni langu peke yangu, mwacheni akalee watoto.

"Aliniambia," Cheche akasema, kabla yake. Kisha akamgeukia mama yake, si kwa hasira, bali kwa mshangao, kama mtu anayetafuta kitu mahali kilipokuwa siku zote. "Ila uliniambia mara moja tu, mama."

Askari walipomwingiza Cheche ndani hakugeuka tena.

Mama Kamba alikunja kamba yake mkononi, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, kwa kuwa mikono haikujua kufanya jingine. Mkaguzi akaichukua, akasema ni ushahidi. Mama Kamba akatoka getini mikono mitupu na kushika njia ya nyumbani kwa miguu, pembeni mwa barabara ileile. Magari mengi ya mji ule yalikuwa na kamba zake juu. Lilipita moja kwa kasi, karibu naye, likapeperusha nguo yake.

Hakulisikia mpaka lilipokuwa ubavuni.