Maumivu Yalipomnyamazisha Kinyozi

Kinyozi alikuwa na mdomo wa utani. Hata wenye vipara walipita dukani kwake, ilimradi tu wamsikie. Mkewe alizoea kusema kwamba yeye aliolewa na redio isiyozimwa.

Saratani ilipoingia kwenye mifupa ya nyonga, utani ukaanza kukauka. Mwanzo alinyoa akiwa ameegemea ukuta. Baadaye akawa mkali. Mteja akichelewa kuinamisha kichwa, anafokewa. Kisha siku moja maumivu yalimchoma ghafla, wembe ukateleza na kumkata mteja sikio. Alimwomba radhi, akamfuta damu, na mchana huohuo akafunga duka.

Nyumbani alikuwa hagusiki. Mkewe aliketi ukingoni mwa kitanda kumlisha uji, godoro likatikisika kidogo, naye akamtukana kwa neno ambalo hajawahi kulitamka katika ndoa yao yote. Mke alikwenda jikoni, akafungulia bomba, akalia maji yakimwagika ili asisikike.

Si kwamba dawa ya maumivu haikuwepo. Muuguzi alikuwa amewaletea chupa ya mofini, akawaeleza namna ya kuinywa. Kinyozi aliikataa katakata. Alisema hiyo ni dawa ya wanaoagwa, na yeye bado yupo sana. Miezi ikapita akisaga meno.

Mwishowe mke alichoka. Akavuta kiti karibu naye.

"Baba watoto," alisema taratibu, "kufa sote tutakufa. Lakini maumivu haya yamekuchukua kabla ya kifo. Nimekuwa mjane na mume wangu yumo ndani."

Kinyozi aligeukia ukutani. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe hiyo dawa."

Alilala usingizi ambao mkewe alikuwa ameshausahau. Alipoamka alimtazama sana, akamuuliza amekonda tangu lini. Akamwomba radhi kwa lile neno. Alisema si yeye aliyelitamka, ila hata hivyo lilipita kinywani mwake. Mke alicheka huku machozi yanamtoka.

Walipata wiki chache za kuzungumza, kisha akafariki alfajiri moja, mkono wake mikononi mwa mkewe. Msibani watu walimwambia ashukuru, mumewe hakuteseka mwishoni. Aliitikia kwa adabu. Wiki zile zilikuwa tamu, na zingeweza kuwa nyingi zaidi. Hilo ndilo lililomliza.