Kipele cha Mpira wa Breki

Mjomba alinipa wiki moja nimweleze kwa nini kiwanda kipya cha ng'ambo ya barabara kinatunyang'anya wateja wa mipira ya breki. Mimi ndiye mpwa aliyesoma, na kusoma kuna adhabu yake. Nikazunguka kwa mafundi baiskeli, nikaandika kurasa kumi na mbili. Wenzetu wanapeleka mzigo hadi dukani, sisi twangoja kubishiwa hodi. Boksi lao linang'aa, letu utadhani limetoka vitani. Lakini jambo moja lilinishinda: mipira yao ya breki ilishika rimu kwenye mvua sawasawa na yetu. Sisi mikato ile ya kumwaga maji ilitugharimu miaka kuipata. Wao wana miezi mitatu tu sokoni.

"Hebu lete huo mpira," Mjomba alisema nilipomaliza kusoma. Ofisini tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mtunza stoo wetu tunayemwita Mzee Funguo.

Akaupapasa ubavuni kwa kidole gumba, akatulia ghafla.

"Kipele hiki nakijua. Huu umetoka kwenye kalibu yetu ya akiba. Marehemu baba aliiangusha, ikabaki na kovu."

Kalibu ni chuma kinachoupa mpira umbo lake. Tulikuwa nazo mbili. Ya akiba ilikaa stoo tangu kabla sijaajiriwa, na stoo ina ufunguo mmoja.

Mjomba akamgeukia Mzee Funguo. "Kikulacho ki nguoni mwako. Umewauzia?"

Mzee alishika funguo zake kiunoni. Aliniangalia mara moja tu, kisha akainamisha kichwa.

Hapo nikakumbuka. Mwezi wa kwanza wa umeneja wangu nilisafisha stoo, nikapakia vyuma vyote vyenye kutu kwenye gari la chuma chakavu. Kimoja kilikuwa kimefungwa gunia lenye grisi. Mzee Funguo alikishika. "Binti, hiki muulize kwanza mjomba wako." Nami, kwa kiburi changu, nikamjibu: "Hapa ni kiwanda, Mzee, si makumbusho."

"Weka funguo mezani," Mjomba alisema.

Mzee akaanza kuzifungua kiunoni. Miaka ishirini na sita ya kututunzia stoo, na hakunitaja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilijua nikisema, umeneja kwaheri. Nilijua pia nikinyamaza, atatoka mlangoni vilevile, kimya.

"Mjomba, ni mimi. Niliitupa kwenye chakavu, lazima waliinunua huko. Yeye alinikataza."

Mjomba aliigeuza ripoti yangu kifudifudi. Nilitamani angenizaba kibao.

"Ripoti yako ina kurasa kumi na mbili za makosa yangu," alisema, akinisogezea karatasi tupu. "Ongeza wa kumi na tatu. Ukimaliza, msomee Mzee kwanza."

Nikashika kalamu. Mzee Funguo alikuwa anarudisha funguo kiunoni.