Nishani ya Bwana de Brossac

Huguette Lescarret alikubali kumvika Aymeric de Brossac nishani kwa sharti moja, na alilirudia mara mbili kwenye simu: katika hotuba yake ya shukrani, bwana huyo atamke mbele ya watu kwamba Régis, ndugu yake Huguette, hakufa kwa uzembe wake mwenyewe. De Brossac aliitikia upesi. Upesi mno, sasa Huguette aliona.

Nishani ile ya taifa la Ufaransa, yenye utepe mwekundu, mtu hajivishi. Huvikwa na aliyekwisha kuipata, naye asipotamka maneno rasmi ya kuvika, bado si yako. Huguette aliipata kwa miaka ishirini na mitano ya umeya katika kijiji chake huko Landes, kusini-magharibi mwa nchi. Paris ilijaa mawaziri wastaafu wenye utepe huo kifuani, lakini de Brossac, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya Umeme wa Garlande, alimtaka yeye, bibi wa kijijini. Picha ingependeza.

Dakika kumi kabla ya sherehe aliomba aione hotuba. De Brossac akampa karatasi tatu. Mkewe alikuwemo, mwalimu wake wa hesabu alikuwemo, hata mbwa alikuwemo. Régis hakuwemo.

"Ni wanasheria hao, Bi Meya, ndio waliokataa," alisema kwa upole. "Miaka kumi na mitano imepita. Tutaongea tukishakula."

"Tukishakula," Huguette alisema. "Haya."

Wakaingia ukumbini. Kwa desturi, mvishaji husoma kwanza maisha ya kazi ya mvikwaji, kisha humvika, na shukrani huja mwisho. Kampuni ilikuwa imemwandikia ya kusoma. Akasoma: wa tatu katika chuo cha wahandisi, wizarani akiwa na miaka ishirini na saba, kisha Garlande, kutoka kiti hadi kiti. Kila sentensi ilimpandisha ngazi na hakuna hata moja iliyomtoa jasho.

"Mwaka wa dhoruba, akiwa mkuu wa kanda, alirudisha umeme Landes ndani ya siku sita."

Akalifunga jalada.

"Hapa wameruka kitu," alisema. Ilikuwa sauti ya mikutano ya kijiji, haikuhitaji kipaza sauti.

Akawaambia kuhusu siku ya sita. Redio ya mafundi ilikuwa juu ya meza yake ya umeya, na ndugu yake Régis alikuwa juu ya nguzo. Msimamizi aliomba nusu saa ili Régis ashuke. De Brossac alijibu kwamba waziri ataonekana kwenye taarifa ya habari jioni ile, laini iwashwe. Ikawashwa, Régis akiwa bado juu. Ripoti ambayo de Brossac aliitia saini ilisema fundi alipanda bila kuhakikisha laini imezimwa, na mwezi uliofuata mwenye saini akapandishwa cheo. Mama yao alisomewa ripoti hiyo jikoni kwake. Alikufa akiamini mwanawe alikuwa mzembe.

De Brossac akamwinamia.

"Bi Huguette, nakuomba. Watoto wangu wako hapa."

"Vizuri, na wasikie. Sema sasa, nami nitakuvika sasa hivi."

Macho ya de Brossac yalikwenda safu ya pili, walikoketi wanasheria. Mmoja wao akatikisa kichwa, kidogo tu. De Brossac akajiinua, akageuza uso.

Huguette aliitazama nishani mkononi mwake. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, angeyamaliza kwa pumzi moja. Akairudisha ndani ya kisanduku, akakifunga, akakisukumiza kiganjani mwa de Brossac.

"Siku ukipata mdomo, nipigie," alisema. "Nitakuja kwa nauli yangu."

Akachukua koti lake kitini. Nyuma yake mkurugenzi mkuu alibaki amesimama na kisanduku chake, kifuani hamna utepe, na juu ya mfuko wa koti kukiwa na kitanzi kitupu cha uzi alichoshonewa na mkewe asubuhi ile kwa ajili ya kutundikia nishani.