Kichipuzi Aliyeitwa Shangazi

Wifi yake fundi wa redio aliingia dukani saa nane mchana, unga bado uko kwenye nywele. Alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, na tangu wamzike binti yake, miezi saba iliyopita, hakuwa amekanyaga hapo. Fundi, ambaye marehemu alimwita shangazi, alikuwa amefungua redio ya mtu. Akaweka bisibisi chini.

"Karibu, wifi."

"Sikai sana." Akatoa mkobani kidude cha gemu. "Kimeanza kuandika kwamba betri ya ndani inakwisha. Naambiwa ikizima, kila kitu kinafutika."

Fundi alikijua vizuri. Yeye ndiye aliyekinunua, mkononi kwa mtu, mtoto alipoanza kulazwa mara kwa mara. Siku ile wifi alikuja juu: "Mtoto anaumwa, wewe unamletea michezo!" Tangu hapo zilibaki salamu tu.

Akakiwasha. Ilikuwa gemu ya kukusanya vidubwana. Unavikamata porini, unavilea. Mtoto alikuwa navyo vingi, lakini aliyetembea naye siku zote ni Kichipuzi: mwili kama kitunguu, miguu ya mizizi, majani matatu yamesimama kichwani kama mtu aliyeamka bila kuchana nywele. Kila mchezaji humpa wake jina. Huyu aliitwa SHANGAZI.

"Kwa sababu ya hizo nywele," wifi akasema.

Fundi akajishika kichwa. Wakacheka wote wawili, kisha wakaacha ghafla.

"Nimekuwa nikimtembeza," wifi akasema, macho chini. "Nikitoka zamu. Sijui kupigana na hao wengine. Namzungusha tu kwenye nyasi, nahifadhi, nazima."

Fundi alimweleza kazi yenyewe bila kumficha. Kumbukumbu ilishikiliwa na betri ndogo kama kifungo cha shati, ndani ya kaseti ya gemu. Ilibidi itolewe bila umeme kukatika hata kidogo, kwa hiyo angeunga kwanza nyaya za betri nyingine pembeni.

"Naweza kuharibu, wifi. Tukiiacha nayo itakufa yenyewe, wiki hii au mwezi ujao."

"Fanya."

Akaunga nyaya, akapima, umeme ulikuwepo. Akayeyusha risasi iliyoshikilia betri ya zamani upande wa kwanza, ikaachia. Upande wa pili ulikuwa na kutu, ukang'ang'ania. Alipouvuta kidogo, waya wa pembeni ukachomoka. Aliurudisha kabla hajavuta pumzi.

Alimaliza kazi kwa utaratibu, betri mpya ikakaa, ingawa moyoni alishajua. Alipowasha, kioo kilionyesha maneno mawili tu: MCHEZO MPYA.

"Ni mkono wangu, wifi. Waya umechomoka. Nisamehe."

Wifi alikitazama kioo mpaka kikafifia. Hakupiga kelele. Fundi angeona nafuu kama angetukanwa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye mchana, mimi niko kazini," wifi akasema hatimaye. "Hata hilo nilikuonea wivu. Nilikuwa nafika jioni, namkuta amelala. Alipokuwa anacheza hii... alikuwa anasikia maumivu?"

Fundi hakutaka kumdanganya. "Alikuwa anasikia. Lakini alikuwa anabishana na mimi. Namwambia mpumzishe huyo Kichipuzi, ananijibu, 'Shangazi, huyu ni mmea, ukimfungia ndani atanyauka.' Basi anamtoa mpaka kwenye uwanja ulio wazi, anamsimamisha. Hawaendi popote. Siku nyingine saa nzima."

"Saa nzima wamesimama?"

"Saa nzima. Nikiuliza mnafanya nini, anasema, 'Tunaota jua.'"

Wifi akafunika mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo alipolia, na fundi akazunguka meza, akamshika mabega. Mteja mmoja alichungulia mlangoni. Fundi akamwashiria arudi kesho. Kisha akavuta kigoda, akamkalisha wifi yake, naye akakaa karibu, magoti yakigusana.

"Anzia mwanzo," wifi akasema, akijifuta kwa upindo wa nguo. "Siku ulipomletea. Nani alikiwasha?"

"Yeye. Mimi fundi mzima nilikuwa nimekishika kichwa chini, miguu juu."