Alama za Patasi

Ambakisye anajinyoosha kidogo tu juu ya lundo la mbao, jua likiwa la utosi, akiwasubiri majirani waje kuinua fremu ya nyumba, na usingizi unampitia. Anapofumbua macho humo usingizini, amesimama kwenye kizingiti cha nyumba hiyohiyo, ila imeshainuliwa, tena ni ya kale mno: nguzo za mti mgumu, kuta za fito zilizokandikwa udongo, moshi ukipanda hadi kwenye kenchi kwa kuwa hakuna dari, ng'ombe upande huu, watu upande ule. Anatokea mlango wa nyuma, na barabara nzima ni nyumba ile ile, moja baada ya nyingine, kama imewekwa katikati ya vioo. Mtu asiye na uso anatembea kando yake. Ipi ni yangu? Ambakisye anamuuliza. Ile ambayo hukuipima. Nimezipima zote. Basi huna nyumba, kaka.

Wanaingia hii, wanatokea ile. Kote anapapasa viungo, pale ulimi wa boriti unapozama kwenye tundu la nguzo, na kote anakuta alama za patasi: mstari mmoja kwa mmoja, mitatu kwa mitatu, ili kila mti umjue mwenzake siku ya kuinua. Alama ikishachongwa hakuna kupima tena. Ndivyo walivyozoea yeye na mdogo wake Lwitiko, miaka kumi na minane. Na baba yao ameshasema: nyumba ikisimama leo, shamba ni la Ambakisye, isiposimama, ni la Lwitiko.

Kwenye nyumba ya mwisho, ambayo si ya mwisho, majirani wanavuta kamba. Fremu inapanda, inasita, inagoma. Fundi, mbao zako zimenuniana? anacheka mmoja. Labda zinadai mahari, anadakia mwingine. Ambakisye anainamia kiungo. Mistari ni mitatu, sawa, lakini mmoja ni mpya, umeongezwa kwenye mti wa miwili ili uingie tundu lisilo lake, tena umelalia kushoto, na anamjua mtu mmoja tu anayeshika patasi kwa mkono wa kushoto. Hakasiriki. Anatafuta kwanza sababu nyingine: unyevu, mti kupinda, macho yake kuzeeka. Anazipitia polepole, na zote zinamwishia. Nani ameuongeza huu? Yule asiye na uso anajipangusa vumbi la mbao. Uliyemfundisha kuchonga.

Kaka, amka, watu wamefika.

Lwitiko amemwinamia, anatabasamu. Majirani wanakunjua kamba. Ambakisye anatoa futi mfukoni. Ngojeni kidogo, nipime viungo. Kupima tena? anauliza mmoja, alama si zipo? Tabasamu la Lwitiko limeondoka. Tangu lini hatuaminiani, kaka?

Akipima akakuta sawa, atakuwa amemvua nguo mdogo wake mbele za watu kwa ajili ya ndoto. Akikuta si sawa, hana mdogo. Swali lile la kuaminiana bado liko masikioni mwake, na hajui amelisikia upande upi, wa ndoto au wa kuamka. Anapiga goti na kuingiza futi kwenye tundu la kwanza.