Ndugu wa Getini

Mzee Mizani alikuwa stoo akipiga pasi foronya nyeupe, kitanda chake kikiwa kimesukumwa hadi ukutani ili meza ya pasi ipate pa kusimama, pale lifti ilipotua ghorofa ya nne na mpwa wake, ambaye hakuwahi kumtia machoni maishani mwake, akatoka akiburuta sanduku la magurudumu.

"Shikamoo, mjomba," mpwa akasema mlangoni.

"Marahaba. Vua viatu. Chumba chako ni cha pili kushoto, na koki ya maji ya moto huzungushwa kinyume."

"Najua, mjomba. Mama alisema hukuwahi kuitengeneza."

Mpwa alikuwa na nyusi za ukoo, zile nene zinazokutana juu ya pua, na masikio ya ukoo, yaliyosimama kana kwamba yanasubiri kuitwa. Asubuhi hiyo alikuwa ameshuka katika ndege akiwa na nyusi nyembamba za kwake mwenyewe, na lugha hii hakuijua hata kwa salamu.

Nyumba ilikuwa mali ya mwana wa Mzee Mizani, mtoto wake wa pekee, aliyeishi ng'ambo na ambaye huko aligundua faida ya kuwapangisha wasafiri kwa siku mbili tatu. Sheria ya manispaa ilikataza jambo hilo waziwazi. Nyumba ya makazi ndani ya jengo la ghorofa haikuruhusiwa kupangishwa kwa muda unaopungua mwezi, ila kwa leseni ya hoteli, na leseni hiyo haikutolewa pale ambapo majirani hawakuridhia. Hata hivyo, ndugu wa mwenye nyumba waliweza kulala humo watakavyo, kwa kuwa hakuna serikali inayoweza kumzuia mtu kumkaribisha jamaa yake. Mwana akapenya hapo. Kila msafiri aliyelipa alitumiwa maelekezo ya kufika, neno la siri la mtandao, na sentensi moja ya kukariri, ambayo alitakiwa kumwambia mlinzi getini: mimi ni ndugu yake mwenye nyumba. Aina ya undugu alijichagulia mwenyewe, ili mlinzi asichoshwe na binamu watupu.

Mlinzi hakuinua kizuizi mpaka aisikie sentensi hiyo kwa masikio yake. Nayo ikishatamkwa, huwa kweli. Nyusi husogeleana, masikio hujitokeza, na msafiri huvuka kizuizi akikumbuka vizuri jinsi shangazi alivyonuna harusini. Mlinzi alikuwa ameyaona hayo mara nyingi. Kuhusu suala hilo alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni kwamba kwa baadhi yao masikio huchelewa. Siku ya kuondoka, wakishavuka kizuizi kwenda nje, vyote huwatoka, na ukiwasalimu hukutazama kwa adabu kama mtu anayeulizwa njia ya mtaa asioujua.

Kabla ya kustaafu Mzee Mizani alikuwa mkaguzi wa vipimo, na jina hilo la utani alilipata sokoni. Alizunguka madukani na sanduku la mawe ya mizani ya shaba, akapasua mawe ya udanganyifu mbele ya wenyewe, wala hakupokea hata kikombe cha chai kutoka kwa mfanyabiashara. Mwanawe alipomweleza mpango wake kwa mara ya kwanza, alimkatia simu. Kisha akafika msafiri wa kwanza, akamwamkia, akamwita baba mkubwa, na kumuuliza kama goti bado linamsumbua wakati wa baridi. Mzee Mizani alimpima mtu yule kutwa nzima kama alivyokuwa akipima mizani za wauza nyama. Hakuona kilichopungua. Tangu siku hiyo aliwapokea wote, akahamishia kitanda na nguo zake stoo ili vyumba vitoshe, na dhamiri yake ikatulia.

Wengine walimchosha. Kijana mmoja mwenye begi la mgongoni alichanganya maneno akamwambia mlinzi kwamba yeye ni babu yake mwenye nyumba, na kwa siku alizokaa, Mzee Mizani aliishi na marehemu baba yake aliyevaa kaptura. Aliamriwa kuketi wima. Aliulizwa kwa nini anakoroga chai kama anayepaka chokaa. Alijibu "Ndiyo, baba" kila mara, na kijana alipoondoka aliikuta nyumba kimya kiasi cha kusikia jokofu likijikohoza jikoni.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Jamaa walikuja wakiwa wamejaa mapenzi na habari, wakamkumbatia, wakala naye, kisha wakaondoka wakiwa si chochote kwake, na hakuna aliyerudi kwa jina lile lile.

Aliyemshtaki mwanawe manispaa alikuwa daktari wa meno wa ghorofa ya tatu, mama mtu mzima aliyeishi peke yake. Kabla ya kushtaki alipanda juu kumwarifu Mzee Mizani, kama inavyopasa.

"Mzee wangu, sina ugomvi na wewe," alisema, akikataa kiti. "Ila jengo hili zamani lilikuwa na watu. Sasa kila kodi ya nyumba ikipanda familia inahama, na kila ikihama inaingia sanduku la magurudumu. Nikianguka bafuni leo, atakayenisikia ni nani? Mtu anayetafuta swichi ya taa?"

"Una haki, daktari. Sheria iko upande wako."

"Basi utasema hivyo mbele ya ofisa?"

"Nitasema kweli."

Mwana alipiga simu kabla ya ofisa kuja. Nyuma ya sauti yake yalisikika magari ya kule anakoishi.

"Baba, watakuuliza swali moja tu. Hawa ni jamaa au si jamaa? Wewe sema ni jamaa, basi, yameisha."

"Sikuwahi kuidanganya serikali nilipokuwa na meno yangu. Sitaanza leo na ya bandia."

"Wakifunga, nitauza nyumba, Baba. Sitaweza kuilipia. Wewe utakwenda wapi?"

Mzee Mizani hakuwa na pa kwenda, na wote wawili walilijua hilo. Alisema atajibu atakachokiona siku hiyo, akakata simu.

Siku moja kabla ya ukaguzi alifika mwanamke wa makamo, mtengeneza miwani katika nchi yake, aliyemwambia mlinzi kwamba yeye ni dada yake mwenye nyumba. Mzee Mizani hakuwahi kuzaa binti. Yeye na marehemu mkewe walimtamani, wakamchagulia hata jina, wakangoja, mwishowe wakaacha kumzungumzia. Mwanamke alitoka kwenye lifti akitembea kwa kutanguliza kisigino, kama anayejaribu uimara wa sakafu, mwendo ambao Mzee Mizani hakuwa ameuona tangu kifo cha mkewe.

"Shikamoo, baba."

Mzee Mizani akaitikia.

Binti hakwenda chumbani kwake kwanza, kama walivyofanya wengine. Alipita jikoni, akasukuma mlango wa stoo, akakiona kitanda, pasi, na suruali za babaye zimetundikwa kwenye bomba la maji.

"Baba, hapa analala nani?"

"Nalala mimi. Vyumba ni vya wageni."

"Wageni gani? Mimi mgeni?"

"Wewe si mgeni."

"Basi shika upande huo wa godoro."

Wakakihamishia kitanda chumba cha mbele, chenye dirisha. Binti alimkemea kwa kubeba mto mmoja mmoja, naye akamjibu kwamba mtu anayesifika kwa haraka ni mwizi. Walikula pamoja. Akaifuta miwani ya babaye kwa pindo la blauzi, akasema kioo cha kushoto kimemdanganya kwa miaka, na mtu wa vipimo hakupaswa kukivumilia. Mzee Mizani alicheka mpaka akashika ubavu. Alilala dirishani, na kupitia ukuta akasikia binti yake akikohoa, akatulia.

Ofisa wa manispaa alikuja asubuhi, kijana nadhifu mwenye haraka, pamoja na daktari wa meno. Walikaa sebuleni. Ofisa akamuuliza binti maswali aliyozoea kuwauliza watu wa namna hiyo, na ambayo kwa kawaida huwaangusha.

"Mama yenu aliitwaje nyumbani?"

"Baba alimwita Bi Mkubwa akiwa amekasirika. Akiwa na furaha hakumwita, alikohoa tu, na mama akaja."

Ofisa akamtazama Mzee Mizani. Mzee Mizani alikuwa akitazama mikono yake. Jambo hilo hakuwahi kumsimulia mtu.

"Mzee," ofisa akasema, "wewe ulikuwa mtumishi wa serikali, na najua huko sokoni bado wanakuogopa. Nakuuliza wewe, na neno lako nitaliandika kama lilivyo. Huyu ni nani wako?"

Daktari wa meno alisogea mbele kwenye kiti. Mzee Mizani alizitazama nyusi, akayatazama masikio. Akamwona binti jinsi alivyokunja mguu mmoja chini ya mwingine, kama marehemu. Alilitafuta pengo, kwa unyofu wote, na kama angeliona, angelisema, hata kama lingempeleka barabarani na godoro lake.

"Ni binti yangu," akasema.

Ofisa akafunga shauri. Mlangoni daktari wa meno alimgeukia Mzee Mizani.

"Uliniahidi kweli, mzee wangu."

"Nimeisema, daktari."

"Najua umeisema," alijibu kwa uchovu. "Na ndiyo inayoniacha peke yangu." Akashuka kwa ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa na masanduku.

Mchana binti alifunga sanduku lake. Mzee Mizani, ambaye kwa kawaida huwaaga jamaa kwenye lifti na kurudi ndani, safari hii alilibeba sanduku mwenyewe.

"Kisheria unaweza kukaa," alimwambia wakiwa chini uani. "Ofisa ameandika. Hakuna wa kukutoa."

"Ndege yangu ni ya jioni, baba."

"Ndege zipo kila siku."

Binti akamweka sawa kola ya shati. "Usirudi stoo," akasema. "Nitakupigia nikifika. Na hicho kioo ukabadilishe." Macho yake yalikuwa na machozi, na alikuwa akisema kweli.

Mlinzi akainua kizuizi. Binti akavuka. Upande wa pili nyusi ziliachana taratibu, masikio yakalala, na mwanamke akageuka, akamwona mzee ameshika sanduku lake. Akalipokea kwa tabasamu la heshima. Kisha akatafuta kwenye pochi, akamtilia noti mkononi, akaingia kwenye teksi.

"Huyu masikio yalikuwa yamekaa vizuri," mlinzi akasema.

"Yalikaa vizuri," Mzee Mizani akakubali.

Alipopanda juu alimkuta mfanyakazi wa usafi, aliyeajiriwa na mwanawe, ameshakirudisha kitanda stoo, kwa kuwa chumba cha mbele kilikuwa na watu jioni ile. Simu ikalia. Mwanawe alikuwa na furaha.

"Baba, nimesikia. Ahsante. Nilijua ukibanwa utakisema tu kiuongo kidogo."

"Sikusema uongo."

"Haya, Baba. Kama unavyotaka."

"Unakuja lini?"

"Si msimu huu. Nyumba imejaa hadi mwisho wa mwaka. Nikija nitalala wapi?"

Mzee Mizani alihamisha simu kwenye sikio la pili. "Wewe njoo," akasema. "Ukifika getini mwambie mlinzi kwamba wewe ni mwanangu. Wenzako wakisema, huwa kweli."

Mwana alicheka sana, akasema wazee wana utani, akaomba radhi kwamba kuna simu nyingine inamngoja. Mlango wa lifti ulifunguka. Wajukuu wawili wenye mikoba ya safari wakaingia, mmoja akiwa bado sikio lake la kulia halijakaa sawa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Vueni viatu. Chenu ni chumba cha mbele, chenye dirisha."

Akawawekea maji ya chai, akawauliza habari za mama yao, akasikiliza majibu yote hadi mwisho.