Kidole cha Pete cha Tumsifu

Usingizi hauna adabu, haumuulizi mtu kama ana wageni. Mwalimu Nemes ameegemea tu ukuta wa chumba cha muziki, mchana kweupe, akiwasubiri mwanafunzi wake Tumsifu na mama yake, na roho haijamtulia hata chembe. Mama ameshatuma neno: mkono wa kushoto wa mtoto unauma mpaka kikombe hakishikiki, na leo ukiuma tena anamwachisha besi moja kwa moja. Mtoto mwenyewe anaililia hiyo fidla kubwa inayomzidi kimo. Na mwalimu, jamani, tangu aanze kufundisha hajapata sikio kama lile, kumpoteza anaona ni msiba. Anafumba macho kidogo tu, na ukuta unampisha.

Sasa anatembea juu ya barabara nne nyembamba zinazotetemeka, na kila akishika moja inajikunja, inamrudisha alikotoka. Pembeni kuna mji wa vioo, ndani ya kila kioo kuna Tumsifu anapiga besi, na kila Tumsifu analia kimyakimya. Akimkimbilia huyu, anageuka yule. Anapaza sauti kama afanyavyo darasani, kaza mkono mwanangu, kaza, na kadiri anavyosema kaza ndivyo barabara inavyomuuma nyayo. Njiani anakutana na mtu asiye na uso, anamuuliza apite wapi amfikie mtoto. Yule hataji njia. Kitendawili, anasema. Mwalimu hana muda wa mafumbo, lakini mdomo umezoea, unajibu wenyewe: Tega. Ndugu wanne wametumwa kubeba gogo, mmoja kafukuzwa eti hana kazi, na mdogo wao anavunjika mgongo. Mwalimu anabahatisha wee, anasema siafu, anasema miguu ya kitanda, anakosa zote. Basi nipe mji, anasema asiye na uso, kama ilivyo desturi kwa aliyeshindwa. Mwalimu hana mji mwingine wa kutoa, anampa huuhuu wa vioo. Yule anaupokea, anasema: Nimekwenda, nikala, nikanywa, nikakuta vidole vya mtoto kwenye shingo ya besi, cha pete kimeinuliwa juu, cha mwisho kinabonyeza waya peke yake. Nani alimwambia hicho hakina kazi?

Mwalimu anajijua. Ni yeye, kila somo, kwa sababu huku juu ya shingo ya besi vidole vingine vitatu ndivyo hubonyeza kila kimoja sauti yake, cha pete hakipewi yake, akaona heri kikae pembeni kisisumbue. Vioo vyote vinakuwa kimoja, naye anaingia, anapiga magoti, anakishusha kidole kile karibu na mdogo wake, anamwambia mtoto alegeze gumba. Sauti inatoka nene, tulivu, na mtoto anacheka.

Anashtuka. Mama yake Tumsifu amesimama mbele yake, mkoba begani, na mtoto ameshaikumbatia besi. Mwalimu hangoji hata salamu. Tumsifu mwanangu, nisamehe, nilikufundisha vibaya, cha pete usikiinue tena, kishushe kikisaidie cha mwisho. Mtoto anamtazama, kisha anamtazama mama yake.

Mbona umeshaniambia, Mwalimu?

Mwalimu anauangalia ule mkono wa kushoto. Cha pete kimelala juu ya waya, sambamba na cha mwisho, na usoni mwa mtoto hamna maumivu. Anamgeukia mama amuulize wamefika saa ngapi, anaogopa jibu, anamwambia mtoto apige.